Nani Ashuke Achukue Pizza? Kile Community na Rick and Morty Zinatuambia Kuhusu Bosi Akitoka

Sasa skia. Kuna mbogi ya watu saba kwa keja mpya. Pizza imefika chini na lazima mtu mmoja ashuke aichukue. Hakuna anayetaka kuamka. Jamaa mmoja anaitwa Jeff, yule wa luku safi na mdomo tamu, anasema turushe dadu. Anagawa namba, moja hadi sita, halafu anairusha.

Hiyo ni episodi ya Community inaitwa "Remedial Chaos Theory". Ilionyeshwa tarehe 13 Oktoba 2011. Kila namba inafungua maisha yake. Akienda Annie, usiku unaisha hivi. Akienda Shirley, unaisha vile. Akienda Troy, dakika chache tu na mtu ameshapigwa risasi na keja inawaka moto. Na karibu kila mara, Britta akianza kuimba, Jeff anamkatiza.

Hebu sasa cheki huo mchezo vizuri. Watu ni saba. Dadu ina pande sita. Jeff ndiye aligawa namba, na aligawia kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Hata mkirusha hiyo dadu mpaka asubuhi, haiwezi kumtuma. Anayegundua hiyo rada ni Abed, yule msee wa movie. Anadaka dadu ikiwa hewani na kumuanika. Jeff anashuka mwenyewe. Na akishatoka tu, Britta anaimba, na mbogi yote inaamka kucheza.

Nimeanza na hiyo pizza kwa sababu watu wakibonga kuhusu Community na Rick and Morty, wanasema tu "zote ni za Dan Harmon" halafu wanasonga. Hiyo ni kweli lakini haitoshi. Hizi vipindi mbili zimefungwa pamoja na swali la hiyo usiku: mkubwa akitoka kwa chumba, nini inatokea kwa wale wamebaki? Na kwa maisha ya ukweli, nje ya skrini, hilo swali limejibiwa mara tatu. Majibu hayafanani.

Kama hujui hizi vipindi, usijali. Nitakupeleka polepole.

Community ni sitkom ya watu wa kawaida, waigizaji wenye damu. Ilianza NBC huko Marekani tarehe 17 Septemba 2009. Jeff Winger alikuwa wakili mpaka ikajulikana digrii yake ni feki (sisi Kenya hiyo stori hatuhitaji kuelezwa). Analazimika kurudi shule, na anaishia Greendale, chuo cha wale maisha iliwapita mara ya kwanza. Mama ameachwa na bwana. Mchezaji aliyeumia. Msichana aliyeanguka na dawa. Mzee tajiri hana mtu. Wanakuwa kikundi cha kusoma, halafu wanakuwa familia.

Rick and Morty nayo ni katuni. Ilianza Adult Swim tarehe 2 Desemba 2013. Guka mlevi, mwerevu kuliko kila mtu kwa kila ulimwengu, anaburuta mjukuu wake wa shule ya upili kwa safari za hatari. Hii wengi wenu mnaijua.

Mimi niliacha campo mwaka wa pili. Karo ilikwama, na nikachoka kuomba mathe pesa najua hana. Hizo miezi nilikuwa kejani tu, na Community nilipata kwa flash ya jamaa wa kuuza movie hapo mtaani. Niliicheki yote nikifikiria ni komedi ya mafala. Kumbe nilikuwa naangalia watu kama mimi. Rick and Morty ilikuja baadaye, na episodi ya kwanza tu nikaskia kitu nilikuwa najua. Utani ni tofauti, picha ni tofauti, lakini mifupa ni ile ile.

Hiyo mifupa ina jina. Harmon anatumia duara lenye hatua nane, alilolitoa kwa kazi ya msomi Joseph Campbell kuhusu hadithi za zamani. Wacha nikuwekee kwa lugha ya huku. Moja: uko kejani, maisha ni ya kawaida. Mbili: unadai njumu za intavyu ya Jumatatu. Tatu: unaingia Gikomba. Nne: unasukumwa, unabishana bei, unajifunza vile watu wa huko wanabonga. Tano: unapata njumu, saizi yako kabisa. Sita: unalipa, na si pesa tu, kumbe simu pia imeenda. Saba: unapanda mat kurudi. Nane: uko kejani tena, lakini wewe si yule wa asubuhi.

Karibu kila episodi ya Community inapita hapo. Rick and Morty pia. Mwaka wa 2020 katuni ilifanya episodi nzima ndani ya treni ya hadithi, "Never Ricking Morty", ikichezea hilo duara lenyewe.

Tofauti iko hatua ya nane. Kwa Community, watu wanarudi wamebadilika. Jeff anatoa hotuba, mnasameheana, mnaenda nyumbani. Kwa katuni, kuna mtu mmoja anajua duara vile linaenda na anakataa kulifunga. Cheki "Rick Potion #9" ya 2014. Wanaharibu dunia yao kabisa. Rick haitengenezi. Anatafuta dunia ingine ambapo yeye na Morty wamekufa tu sai, wanazika miili yao wenyewe nyuma ya nyumba, na wanaketi kwa meza kama hakuna kitu. Morty amebadilika, unaona kwa macho. Rick anafungua pombe.

Hiyo ndio connection kubwa kwangu. Sitkom inauliza kama kikundi kinaweza kumbadilisha mjuaji. Katuni inauliza, na akikataa je?

Hizo zingine ni za damu na za kazi. Harmon na rafiki yake Rob Schrab walianzisha Channel 101 huko Los Angeles. Watu wa kawaida walileta video za dakika tano, watazamaji wanapiga kura, ukishinda unarudi mwezi ujao na episodi ingine. Hapo ndipo akina Andy Samberg wa The Lonely Island, yule wa Brooklyn Nine-Nine, walipiga mazoezi. Na hapo ndipo mwaka wa 2006 Justin Roiland alileta kakatuni kachafu cha kuchekelea Back to the Future, kikiitwa "The Real Animated Adventures of Doc and Mharti". Hayo majina yasome tena. Ndio Rick na Morty hao, kabla ya kuoga.

Halafu kuna hii, na hapa mafan wengi hawajui: tuzo pekee ya Emmy ambayo Community ilishinda, ilishinda kwa katuni. Kuna episodi ya Krismasi ya 2010, "Abed's Uncontrollable Christmas", ambapo Abed anaona wote wamegeuka vinyago. Ilifanywa na vinyago vya kusogezwa kidogo kidogo, picha moja baada ya ingine, na Drew Hodges akapata Emmy ya kazi ya katuni mwaka wa 2011. Studio ya Starburns Industries, ambayo Harmon alikuwa mmoja wa waanzilishi, ilichukua jina kutoka kwa Star-Burns, mwanafunzi mmoja wa Greendale mwenye sharafa za nyota. Studio hiyo hiyo ndiyo ilifanya misimu ya kwanza ya Rick and Morty.

Waigizaji pia wanavuka. Joel McHale, yule Jeff, na Gillian Jacobs, yule Britta, wote waliweka sauti kwa msimu wa tatu wa katuni mwaka wa 2017. John Oliver, mwalimu wa Greendale, yuko kwa "Anatomy Park". Keith David ndiye rais wa Marekani kwa Rick and Morty, na mwaka wa 2015 aliingia Community msimu wa sita kama Elroy.

Sasa turudi kwa dadu. Mkubwa akitoka, nini inatokea?

Mara ya kwanza ilikuwa 2012. Tarehe 17 Mei, Community ilifunga msimu wa tatu na episodi tatu usiku mmoja. Moja ilikuwa "Digital Estate Planning". Baba wa Pierce amekufa, na urithi wake ameufungia ndani ya gemu ya video. Wa kwanza kumaliza gemu anachukua yote. Kuna jamaa anaitwa Gilbert, ameigizwa na Giancarlo Esposito, yule Gus wa Breaking Bad. Gilbert alimfanyia yule mzee kazi miaka mingi na kumbe ni mtoto wake, lakini hakukubaliwa. Mwishowe mbogi inaamua urithi uende kwa Gilbert, msee alivuja jasho.

Kesho yake, tarehe 18, stori ikatoka kwamba Harmon amefutwa. Kipindi alitoa kwa maisha yake (yeye mwenyewe alikuwa amejiunga na chuo kama hicho kusoma Kispania na mpenzi wake) kikapewa watu wengine. Sony walikuwa na karatasi. Greendale ilikuwa yao. Duara hawakuwa nalo.

Msimu wa nne ukatoka 2013. Waigizaji wale wale, maktaba ile ile, majina yale yale. Na ulikuwa baridi. Utani ulifika lakini haukuwa na mahali pa kuenda. Harmon aliporudishwa kwa msimu wa tano, 2014, wahusika wenyewe wakaanza kuuita mwaka wa gesi kuvuja, yaani kila mtu alikuwa amelewa hewa mbaya. Na katikati ya hiyo kufutwa ndipo Adult Swim walimtafuta Harmon, akamchukua Roiland, na Rick and Morty ikazaliwa. Kama hangefutwa, pengine ile katuni haingekuwa.

Ukiachia hapo, unapata stori tamu ambayo kila msanii anaipenda: mwerevu anaonewa na matajiri, anaondoka, anaomoka, wanabaki na ganda. Mimi niliamini hiyo stori miaka mingi. Niliitumia hata kujipea moyo. Nitakuambia baadaye.

Lakini kuna mara ya pili. Januari 2023 ilijulikana kwamba Roiland alikuwa ameshtakiwa kwa kesi ya dhuluma ya nyumbani ya 2020. Alikana. Adult Swim wakakata uhusiano naye mwezi huo huo. Machi, upande wa mashtaka ukaondoa kesi kwa sababu ushahidi haukutosha, lakini hakurudi. Huyu si mwandishi tu. Huyu ndiye alikuwa sauti ya Rick na pia sauti ya Morty. Kama kuna mtu ungesema bila yeye kipindi kimekufa, ni yeye.

Oktoba 2023 msimu wa saba ukaanza. Ian Cardoni akawa Rick, Harry Belden akawa Morty. Dakika kumi za kwanza unaskia tofauti. Baadaye unasahau. Msimu wa nane ulikuja 2025, na kipindi kimeshalipiwa mpaka msimu wa 12.

Kwa nini moja ilianguka na ingine ikasimama? Ukiniuliza, ni kwa sababu ya chumba. Community ya 2012 ilikuwa imejengwa ili kila skripti ipite kwa kichwa cha mtu mmoja. Ukikata hicho kichwa, hakuna mwingine anajua njia. Rick and Morty ya 2023 ilikuwa na Scott Marder akisimamia kazi ya kila siku tangu msimu wa tano, na Harmon bado yuko. Hatua nane zilikuwa zimefundishwa, kila mtu anazo. Ndio maana waandishi wa hicho chumba wametapakaa Marvel yote: Michael Waldron akaandika Loki na ile Doctor Strange ya 2022, Jessica Gao akafanya She-Hulk, Jeff Loveness akaandika Ant-Man ya tatu. Na ndugu Russo, waliofanya Avengers: Endgame, walitoka kuongoza episodi za Community. Hizo stori zote za dunia nyingi mmekuwa mkilipia sinema, zilipikwa kwa watu wa pizza.

Sasa mara ya tatu. Hii haikutangazwa wakati ilikuwa inatokea.

Community ilikuwa na mwandishi anaitwa Megan Ganz. Yeye ndiye aliandika "Cooperative Calligraphy", ile ya kalamu ya Annie kupotea na wote kufungiana chumbani, na "Basic Lupine Urology", ile ya kuigiza Law & Order. Ukiuliza mafan episodi kumi bora, hizo mbili hazikosi. Januari 2018 alimjibu Harmon hadharani kwenye mtandao kuhusu vile alimtendea. Harmon akaenda kwa podikasti yake na kusema yote, dakika kadhaa bila kujificha: alimpenda akiwa bosi wake, watu walimwonya akawapuuza, na alipokataliwa akaanza kumtesa kazini, vitu ambavyo hangemfanyia mwanaume. Ganz alikubali msamaha na kuusifu. Lakini alisema pia kwamba ilimchukua miaka kuamini tena kwamba ana kipaji.

Soma hiyo tena. Mtu aliandika zile episodi, halafu akakaa miaka akishuku kama alikuwa mzuri kweli ama alipendwa tu na bosi.

Hapo ndipo stori yangu tamu iliniharibikia. Kwa sababu kama chumba kimejengwa kuzunguka mtu mmoja, huyo mtu ndiye pia anagawa namba za dadu. Wengine wote wanaweza kutumwa nje. Yeye hatumwi. Na akitaka mtu aone dunia vile yeye anaona, huyo mtu ataenda kushtaki wapi? Jeff kukatiza wimbo wa Britta ni utani kwa skrini. Kwa ofisi, ni miaka ya mtu.

Siwezi sema Harmon aliandika "Remedial Chaos Theory" akijifikiria. Kwanza hakuiandika yeye, jina la skripti ni Chris McKenna, na iliteuliwa kwa Emmy. Labda hapo ndipo kuna kitu. Msee mwingine ndani ya chumba cha Harmon aliandika kuhusu mkubwa anayeandika sheria zikimwacha nje. Na mwaka wa 2017 ni Jessica Gao, mmoja wa wanawake walioingia kwa chumba cha Rick and Morty msimu wa tatu, aliyeandika "Pickle Rick": Rick anajigeuza achari ya tango ili asiende kwa mshauri na familia yake. Inashinda Emmy 2018. Hao waandishi wanawake walitusiwa na kuwindwa na mashabiki kwa mtandao, na Harmon akajitokeza kuwakemea hao mashabiki wake mwenyewe. Msee wa 2012 angefanya hivyo? Sijui, lakini wa 2017 alifanya, na mwaka uliofuata akaomba msamaha wake. Hatua ya nane, pengine.

Nilisema nitakuambia yangu. Kuna ukurasa mmoja wa vichekesho niliandikia kabla ya kuja hapa. Sitautaja. Tulikuwa wanne, na mimi ndiye nilitoa ile format iliyoshika. Tulikosana kuhusu ganji, nikatoka, na nikangoja waanguke. Kila asubuhi naamka nacheki kama wamepungua. Nilikuwa najiona Harmon wa 2012, kwamba nimebeba duara na wao wamebaki na ganda.

Hawakuanguka. Dem mmoja tulikuwa naye, aliyekuwa anakaa kimya kwa mikutano, ndiye alichukua kuandika, na manze, anaandika vizuri kuniliko. Nilimpigia kumpongeza. Akaniambia, bila ubaya, kwamba zile mawazo zote alikuwa nazo tangu mwanzo, lakini akifungua mdomo nilikuwa namalizia sentensi yake.

Kwa hivyo wewe uko na mbogi ya content, ama bendi, ama kahustle ka wasee watatu na simu moja, mambo ni mawili. La kwanza, karatasi. Jina likiwa la mwingine, siku mkikosana utatoka na kichwa chako tu, kwa hivyo hakikisha kichwa kiko na kitu. La pili ni gumu zaidi, kwa sababu ukilisoma unafikiria mtu mwingine. Angalia ni nani anagawa namba huko kwenu. Halafu hesabu watu, na uhesabu pande za dadu.

Wikendi hii kama uko na bando, cheki tatu kwa hii mpangilio: "Remedial Chaos Theory", halafu "Rick Potion #9", halafu "Pickle Rick". Na mwaka wa 2022 Peacock walitangaza movie ya Community, ile Abed alitabiri akitania misimu sita na movie. Ikitoka, mimi sitaangalia kama Jeff bado ana mdomo tamu. Nitaangalia kama Britta amemaliza wimbo.